Singin' in the Rain: sauti za kuazima, miguu ya kweli

Kila baada ya miaka 10 jarida la filamu la Uingereza, Sight and Sound, huwauliza wahakiki wa dunia nzima wataje filamu wanazoziona bora kuliko zote. Katika kura ya 2022, nafasi ya 10, katikati ya kazi nzitonzito zinazotazamwa kwa kukunja uso, ilikaa filamu ya kuchekesha yenye nyimbo za mapenzi, wanaume wanaorukia makochi na msichana anayechomoza kutoka ndani ya keki. Ni Singin' in the Rain, kazi ya studio ya MGM iliyotoka mwaka 1952. Nayo Taasisi ya Filamu ya Marekani, mwaka 2006, iliipa nafasi ya kwanza kati ya filamu zote za muziki za nchi hiyo.

Sifa za namna hii huzua ubishi, na ubishi huo ni halali. Wako wanaosema hakuna filamu iliyowahi kuibeba furaha namna hii. Wako pia wanaosema ni burudani tupu iliyopandishwa cheo, tena yenye madoa matatu: inamdhalilisha mwanamke hadharani ili watu wacheke, inahubiri ukweli huku yenyewe ikidanganya, na inacheza dansi ya Wamarekani Weusi bila Mweusi hata mmoja kupewa nafasi ya kucheza. Mimi ni wa kundi la kwanza, na naipenda filamu hii kwa moyo wote. Lakini mashtaka hayo hayafutiki kwa mapenzi, na kati ya hayo matatu nadhani mawili yanasimama.

Kwanza kisa, kwa ambaye hajaiona. Ni Hollywood ya mwaka 1927. Don Lockwood, anayeigizwa na Gene Kelly, na Lina Lamont, anayeigizwa na Jean Hagen, ni nyota wakubwa wa filamu bubu. Magazeti yamewavumisha kuwa ni wapenzi. Lina ameamini, Don hataki hata kumwona. Ghafla inatoka The Jazz Singer, filamu ya Warner Bros. yenye sauti, na kila studio inakimbilia kuingiza maneno katika filamu zake. Hapo ndipo balaa linapoanza, maana Lina ana sauti kali ya puani inayokwaruza masikio. Cosmo Brown, rafiki wa Don (Donald O'Connor), anatoa wazo: filamu yao igeuzwe ya muziki, na sauti ya Lina ifunikwe na ya Kathy Selden (Debbie Reynolds), msichana chipukizi ambaye Don amempenda. Mambo yanakwenda mpaka siku siri inapofichuka mbele ya ukumbi uliojaa watu.

Kilichonivutia siku zote ni namna filamu yenyewe ilivyozaliwa, kwa sababu ingepaswa kuwa kazi ya ovyo. Arthur Freed, mtayarishaji mkuu wa filamu za muziki pale MGM, aliwahi kuwa mtunzi wa mashairi ya nyimbo pamoja na Nacio Herb Brown. Alitaka nyimbo zao za zamani zitiwe katika filamu mpya. Wimbo wenyewe uliotoa jina ulikuwa umeshatumika katika The Hollywood Revue of 1929. Waandishi Betty Comden na Adolph Green wakapewa rundo la nyimbo wakaambiwa watafute kisa cha kuziunganisha. Wao wakaona jambo ambalo wengine wangelipita: nyingi ya nyimbo hizo zilitungwa wakati uleule filamu zilipoanza kusema. Basi kwa nini kisa kisiwe hichohicho? Wakachukua vituko vya kweli vya miaka ile, vilivyokuwa vikisimuliwa studioni, wakavigeuza vichekesho.

Ndiyo maana sehemu ya kurekodi sauti inachekesha hadi leo. Maikrofoni inafichwa kwenye kichaka mbele ya Lina, naye anageuza kichwa huku na huku anapozungumza, basi neno moja linasikika na jingine linapotea. Inahamishiwa kifuani mwake, ndani ya gauni, na mitambo inanasa mapigo ya moyo. Anaingia bosi wa studio, anauona waya sakafuni, anaona ni hatari, anauvuta. Lina anabinuka miguu juu. Kila kosa linazaa lenzake, na kila moja lina sababu yake ya kiufundi. Siku ya kuwaonyesha watazamaji, sauti inaachana na picha: mwanamke anafungua kinywa, inatoka sauti ya mwanamume. Mtu yeyote aliyewahi kutazama filamu ambayo sauti imechelewa nyuma ya midomo anajua kicheko hicho.

Lakini uzuri wa filamu hii haumo kwenye mizaha peke yake. Uangalie mwanzo. Don yuko mbele ya jumba la Chinese Theatre, usiku wa uzinduzi wa filamu yake, anamsimulia mtangazaji wa redio maisha yake. Anasema alilelewa katika sanaa bora, akasoma kwenye shule za fahari. Picha zinazopita wakati anasema zinaonyesha mambo mengine: watoto wawili wakicheza dansi kwenye vilabu vya biliadi ili warushiwe senti, vijana wakizomewa jukwaani katika miji midogo, Don akipigwa ngumi na kutumbukia gengeni akiwa juu ya pikipiki kwa sababu kazi yake ya kwanza studioni ilikuwa kuchukua hatari za nyota wengine. Maneno yanadanganya, mwili unasema kweli. Filamu haijafika mbali, tumeshapewa ufunguo wake wote, na kwangu hapo ndipo penye siri ya mvuto wake.

Sasa uitazame dansi ya mvua kwa jicho hilo. Haizidi dakika 5. Don amemfikisha Kathy nyumbani, wamebusiana mlangoni, anamwashiria dereva aende zake. Anatembea, mwavuli juu. Kisha anaufunga, kwa kuwa mtu mwenye furaha kiasi kile hana haja ya kujikinga. Anarukia nguzo ya taa na kuning'inia kwa mkono mmoja. Anasimama chini ya bomba la maji ya paa, akiacha yamwagike usoni. Anacheza mguu mmoja juu ya ukingo wa barabara, mwingine chini, juu, chini, kama watoto wote wafanyavyo wakitoka shule. Halafu anaingia katikati ya barabara, kamera inapanda juu na kumwonyesha kutoka mbali, naye anapiga maji kwa miguu mpaka polisi anatokea na kumkazia macho. Don anatulia, anajieleza kwa mstari mmoja wa wimbo, anaondoka, na mwavuli anampa mpita njia wa kwanza anayekutana naye.

Stanley Donen na Kelly, walioongoza filamu hii pamoja, hawakuikata dansi hiyo vipandevipande. Picha ni ndefu, na mwili wa mchezaji unaonekana kuanzia kofia hadi kiatu. Hapo hakuna pa kujificha. Ukimwonyesha mtu uso tu, halafu miguu, halafu uso tena, miguu inaweza kuwa ya mwingine. Ukimwonyesha mzima kwa muda mrefu, ama anaweza ama hawezi. Filamu nyingi za muziki za siku hizi hukata picha kila sekunde mbili tatu, na mtazamaji anabaki na vumbi la dansi badala ya dansi. Ukiwauliza wapenzi wa Singin' in the Rain wanachokipenda, wengi watasema ni furaha. Mimi nasema ni furaha unayoiamini kwa sababu umeiona ikifanyika.

Na ilifanyika kwa taabu. Inasimuliwa kwamba Kelly alicheza dansi ya mvua akiwa na homa ya nyuzi 103 za Fahrenheit, zaidi ya 39 za Selsiasi. Ulikuwa mchana, sio usiku: barabara ya kuigiza ndani ya kiwanja cha studio huko Culver City ilifunikwa kwa maturubai meusi, na madimbwi yalichimbwa mahali ambapo miguu ingetua. O'Connor, ambaye katika wimbo Make 'Em Laugh anapanda ukuta kwa miguu na kupinduka mara mbili, kisha kuutoboa wa tatu, alisimulia kwamba baada ya kazi hiyo alilala kitandani siku kadhaa, halafu akaambiwa filamu imeharibika, arudie. Debbie Reynolds alikuwa na umri wa miaka 19, mwanamichezo wa sarakasi za mazoezi ya viungo, hakuwa mchezaji dansi. Good Morning, wimbo ambao watatu hao wanaucheza ndani ya nyumba hadi wanaliangukia kochi, ulichukua siku nzima hadi usiku, na miguu yake ilitoka damu. Aliwahi kusema kwamba filamu hii na kujifungua ndiyo mambo mawili magumu kuliko yote maishani mwake. Kelly mwenyewe baadaye alikiri kwamba hakumtendea wema.

Hapa wakosoaji huuliza: je, tunapaswa kufurahia kitu kilichomtoa damu msichana wa miaka 19? Swali ni zito, na sipendi jibu la haraka kwamba sanaa ina gharama zake. Ukali wa Kelly hauna utetezi. Fred Astaire, nyota mwingine wa dansi, aliyemkuta Reynolds akilia chini ya piano na kumkaribisha atazame mazoezi yake, alionyesha kwamba mchezaji mpya anaweza kufundishwa bila kuvunjwa. Ila nisichokubali ni kwamba kujua taabu hiyo kunaiharibu filamu. Reynolds anaingia katikati ya wanaume wawili waliocheza tangu utotoni, na hapitwi hata hatua moja. Kumwangalia kwa huruma tu ni kumnyang'anya alichokipata kwa jasho lake.

Nije kwenye udanganyifu, shtaka linalopendwa sana na wasomi wa filamu. Kisa kizima kinadai kwamba ni dhuluma kumchukulia mtu sauti yake na kumpa mwingine sifa. Sasa sikiliza. Wimbo Would You?, ambao Kathy anauimba kwa niaba ya Lina, hauimbwi na Debbie Reynolds. Unaimbwa na Betty Noyes, ambaye jina lake halikuandikwa popote katika filamu. Ajabu zaidi, mahali ambapo Kathy anaonekana akisema maneno ya mapenzi badala ya Lina, sauti nzuri tunayoisikia ni ya Jean Hagen mwenyewe, aliyekuwa na matamshi safi kabisa nje ya uigizaji. Yaani Hagen anamwigiza mwanamke asiye na sauti, halafu anamwazima sauti msichana anayeigiza kumwazima yeye sauti.

Kwa mtazamaji wa pwani yetu jambo hili lina ladha yake. Majumba ya sinema ya Unguja, Mombasa na Dar es Salaam yalijaa watu wa kutazama filamu za Kihindi, na Awara ya mwaka 1951 ni miongoni mwa zilizopendwa mno. Kila aliyeimba na Raj Kapoor, nyota wa filamu hiyo, alikuwa anaimba na Mukesh, mwimbaji aliyempa sauti. Hakuna aliyehisi kutapeliwa, kwa kuwa India ilikwisha kupita katika ubishi huo. Filamu ya Mahal ilipotoka mwaka 1949, santuri ya wimbo wake maarufu ilibeba jina la mhusika wa kwenye filamu; wasikilizaji wakaandika redioni kutaka kumjua mwimbaji, na likatajwa jina la Lata Mangeshkar. Tangu hapo waimbaji wa nyuma ya pazia wakawa nyota wanaojulikana kwa majina yao. Hollywood ilichagua njia nyingine. Ilificha.

Kwa hiyo kuazima sauti si kosa. Kosa ni kunyamazisha jina. Kwa kipimo hicho MGM ina hatia kwa Betty Noyes. Filamu yenyewe, hata hivyo, siioni kama imeanguka kwa shtaka hili, kwa sababu haikuweka uzito wake kwenye sauti. Imeanza kwa kutuambia maneno hudanganya. Imetuonyesha mitambo ya kurekodi kuwa ni mashine za kuleta vurugu. Hata milio ya viatu tunayoisikia katika dansi ilirekodiwa baadaye, kama ilivyokuwa desturi ya studio. Kitu pekee ambacho hakikuazimwa ni mwili unaocheza, na ndicho kilichowekwa katikati.

Suala la Lina ndilo linalonikera, na kila nikiitazama tena linanikera zaidi. Watetezi husema anastahili: ni mchoyo, alimfukuzisha Kathy kazi, alitaka kumfungia maisha yake yote nyuma ya pazia kwa kutumia mkataba. Kweli. Lakini hebu tutazame alivyo mwanzoni, kabla hajafanya ubaya wowote. Amesimama mbele ya umati anaotaka kuusalimu, na kila akifungua kinywa Don anamkatiza. Studio imemwambia asiseme, magazeti yaleyale ya studio yamemwambia kuwa anapendwa. Ameijenga kampuni kwa uso wake, na ulimwengu unapobadilika hakuna anayekaa naye chini kumwelewesha, isipokuwa mwalimu wa matamshi anayemrudishia sentensi moja mpaka anachoka. Anapoukamata mkataba wake na kumwambia bosi kwamba sheria iko upande wake, filamu inataka tumwogope. Mimi namwona mfanyakazi pekee katika filamu nzima aliyesoma karatasi aliyotia saini.

Halafu linakuja pazia. Kathy anaimba nyuma, Lina anachezesha midomo mbele, na wanaume watatu, Don, Cosmo na bosi, wanavuta kamba kwa kicheko. Ukumbi unapasuka. Lina anakimbia. Angalia pia alivyotendewa Kathy dakika hiyohiyo: hakuambiwa kitu, ameamini kwamba Don amemgeuka, anatoka jukwaani mbio huku akilia, na Don inambidi apaze sauti watu wamzuie. Wanawake wawili wameaibishwa ili wanaume watatu wafurahie mzaha mmoja. Don huyohuyo alidanganya redioni kwa maringo, na hakuna aliyemvutia pazia. Comden na Green walikuwa waandishi wajanja mno kushindwa kupata njia nyingine. Walichagua kicheko kirahisi. Jean Hagen ndiye anayeliokoa jambo hili kwa kiasi, kwa kumpa Lina nguvu na akili ambayo kisa hakikumpa. Alipendekezwa kwa tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, na mimi naamini ndiye mwigizaji bora katika filamu hii.

Yako mengine ambayo sitayakalia. Dansi ndefu ya Broadway Melody, yenye takriban dakika 13, inasimamisha kisa kizima. Cyd Charisse na gauni lake la kijani ni wa kustaajabisha, lakini ningekubali ipunguzwe nusu. Na wanaosema filamu inakimbia siasa za wakati wake, miaka ambayo Hollywood ilikuwa ikiwindwa kwa tuhuma za ukomunisti na Betsy Blair, mke wa Kelly, alikuwa miongoni mwa walionyimwa kazi, wanasema kweli. Ila sioni kwa nini kila filamu ibebe mzigo huo.

Mzigo ambao filamu hii ilipaswa kuubeba ni mwingine. Al Jolson, nyota wa The Jazz Singer, aliimba akiwa amejipaka uso rangi nyeusi, na Singin' in the Rain inaligusa jambo hilo kwa mzaha tu, pale Cosmo anapopendekeza jina la filamu kwa kuiga wimbo wa Jolson. Inapita hivyohivyo. Dansi ya kugonga kwa viatu vyenye vyuma kwenye soli, ambayo bila hiyo filamu isingekuwapo, ilizaliwa Marekani pale ngoma na hatua za watu waliotolewa Afrika utumwani zilipokutana na dansi za Waairishi na Waingereza. Bill Robinson na wengine wengi Weusi ndio walioifikisha ilipofika. Pale pale MGM, mwimbaji Mweusi Lena Horne alipewa vipande vya nyimbo vilivyopangwa visihusiane na kisa, ili majumba ya sinema ya majimbo ya Kusini yaweze kuvikata bila filamu kuharibika. Studio ilijua vizuri ilichokuwa ikifanya.

Kelly naye alijua alikojifunzia. Mwaka 1948, katika The Pirate ya Vincente Minnelli, alicheza bega kwa bega na ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, wacheza dansi Weusi ambao mwaka 1943 walikuwa wameruka ngazi katika Stormy Weather kwa namna ambayo hadi leo hakuna aliyewafikia. Wimbo waliocheza watatu hao ni Be a Clown, wa Cole Porter. Sasa uusikilize, kisha usikilize Make 'Em Laugh, ule wa O'Connor na ukuta. Muziki ni uleule kwa karibu kila kitu, na ujumbe ni uleule, lakini Porter hakushtaki. Watu huzungumzia kisa hiki kama wizi wa wimbo, na hapo hukomea.

Mimi naona kuna kilichopotea njiani ambacho ni kikubwa kuliko wimbo. Mwaka 1948 muziki huo ulichezwa na Mweupe mmoja na Weusi wawili, wakiwa sawa kwa hatua. Ulipofika mwaka 1952, katika filamu ambayo ingeitwa bora kuliko zote za aina yake, Weusi hawamo tena. O'Connor hana hatia. Alichokifanya katika dakika zile ni chake, na kinastahili kila sifa iliyopewa. Lakini anayetaka kuipenda filamu hii kwa haki asiitazame peke yake. Aanze na akina Nicholas katika The Pirate, aendelee na Stormy Weather, ndipo aingie kwenye mvua ya Kelly. Na wanaoandaa maonyesho ya filamu za zamani, kwenye vituo vya utamaduni na vyuo vyetu, waziweke zote tatu katika ratiba moja.